Je, Wajua? Flashi Nayo Huagwa

Kompyuta husema "tayari" kabla haijawa tayari
Mstari wa kunakili unaweza kujaa huku nyimbo zako bado zimo kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, huweza kukaa na data mpya kama sekunde 30 kabla ya kuanza kuisukuma. Flashi ni ya polepole, kwa hiyo kerneli, kile kiini cha mfumo endeshi, hukusanya mizigo kwanza, kama makanga asiyeondoa gari mpaka lijae. Sasa ingia saiba yoyote ya kijiji cha Raila, huku Kibera: kijana kaja na flashi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu pamoja na funguo, anataka miziki ya gari la 46 la Kawangware. Asilimia 90, mkono tayari uko kwenye flashi! Akichomoa hapo, huenda akafika stejini na majina ya nyimbo ambayo ndani hayana kitu.

"Hapana" moja huvunja safari
Ukiamuru Windows iondoe flashi kwa usalama, kerneli huziuliza draiva, yaani programu zinazoishughulikia, moja baada ya nyingine: yaweza kuondoka? Ikikataa moja tu, flashi haitoki. Ndiyo maana faili moja uliyosahau kuifunga hukuletea ujumbe kwamba kifaa bado kinatumika. Na ukichomoa bila kuaga, kuna ujumbe wa pili kabisa, nao hauulizi chochote: draiva hutangaziwa kwamba kifaa kimeshatoweka, ziache kukiandikia na zifunge hesabu. Ni kama tofauti ya posa na taarifa ya msiba. Mashine hunusurika, lakini faili iliyokuwa nusu njia haina mtetezi.

Pini za flashi hazilingani urefu
Chungulia ndani ya USB ile pana: vipande viwili vya pembeni, vya umeme, ni virefu kuliko viwili vya katikati vinavyobeba data. Basi umeme hutangulia kuingia na huwa wa mwisho kutoka. Mgeni huwashiwa taa kabla ya kuulizwa habari!

Flashi moja ya leo ni 4,000 za zamani
Mwaka 2000 IBM iliuza flashi ya MB 8, nafasi ya nyimbo mbili hivi za MP3. Ya GB 32 inayoning'inia shingoni leo ni mara 4,000 ya hiyo.

Kibera ilibebwa mkononi hadi kwenye ramani
Kabla ya 2009, kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, Kibera ilikuwa karibu tupu. Vijana wa Map Kibera wakapita vichochoroni na vifaa vya GPS, kisha wakahamishia nyayo zao kwenye kompyuta. Fikiria: njia ya kwenda choo, zahanati au kioski, zote zimo ndani ya kidude kimoja, zikingoja kuhamishwa salama.

Stima ikipotea, ni sawa na kuchomoa
Chochote ambacho hakijafika kwenye diski hupotea na mwanga wa taa. Linux na Unix zina amri ya herufi nne, `sync`, inayoiambia kerneli imwage mzigo wote sasa hivi. Wazee wa Unix walikuwa wakiiandika mara tatu, kila moja kwenye mstari wake, kabla ya kuzima mashine. Muda wa vidole kuandika uliipa diski nafasi ya kumaliza.