Kulisoma Daftari la Mahudhurio

Mwanachuo anapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha hukabidhiwa daftari la mahudhurio katika juma la kwanza, naye aghalabu huliona kuwa kazi ya karani: huita majina, hutia alama, hujumlisha siku ya Ijumaa, kisha hulirudisha ofisini. Ameandika asichokisoma. Daftari likisomwa kutoka juu kwenda chini huonyesha ni wangapi waliokosa siku fulani. Likisomwa kwa upande, jina moja kwa majuma manne au sita, huanza kudokeza sababu.

Tuchukue mtoto wa darasa la nne ambaye hakosi ila Jumanne. Kila juma amehudhuria siku nne kati ya tano, wala hakuna atakayemwita mtoro. Lakini Jumanne ni siku ya gulio, na mama yake huhitaji mtu wa kubaki na mtoto mdogo. Katika mwaka wenye siku 194 za masomo, huyu atapoteza takribani siku 39, yaani karibu majuma manane. Tena ikiwa mwalimu huanzisha hatua mpya ya hesabu kila Jumanne, mtoto huyo hataonyeshwa hata hatua moja. Jumatano atawakuta wenzake wakifanya zoezi la jambo asilolijua. Hapo mwalimu yafaa ajitazame yeye kwanza. Aanzishe hatua mpya siku nyingine, na Jumanne iwe ya marudio.

Sababu nyingine hufuata majira. Katika mabonde ya mpunga kama Kilombero na Rufiji, mpunga unapokaribia kukomaa watoto huenda kuamia ndege, na daftari laweza kuonyesha ndugu wawili wakipokezana, leo huyu, kesho yule. Wazazi wa namna hiyo hawaidharau shule. Wanagawa mzigo, na mazungumzo nao yaanzie hapo. Wasichana wa madarasa ya juu wakikosa siku chache kila mwezi, mwalimu wa kiume asiwahoji mbele ya darasa. Amwachie mwalimu wa kike, naye akaangalie kama choo chao kina maji na mlango.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliwawajibisha wazazi kuandikisha watoto na kuhakikisha wanahudhuria, na ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Hatua hizo ziliwaingiza wengi darasani. Hata hivyo, mtoto wa Jumanne hawezi kuonekana ila na mwalimu wake.

Siku ngumu kuliko zote ni ile ya kurudi. Mtoto aliyekosa juma zima hufika mlangoni na hofu mbili: fimbo, na ubao uliojaa asiyoyajua. Akichapwa, ya kwanza imethibitika. Akiachwa akae tu, ya pili. Kwa vyovyote vile, kesho shamba litamwia jepesi zaidi. Mwalimu na amkaribishe kwa jina lake, amketishe na mwenzake mwenye daftari nadhifu, na wengine wanapofanya zoezi amfundishe hatua moja tu, ile ambayo pasipo hiyo somo la leo halishikiki. Darasa la watoto themanini haliruhusu mengi, lakini dakika kumi hupatikana. Sababu ya kukosa aiulize baadaye, faraghani, na aiandike kwa penseli katika daftari lake mwenyewe, ili atakayelipokea darasa hilo mwakani asianze kuuliza upya.