Mombasa kwa Miguu: Saa Tano na Nusu Baina ya Basi na Basi

Wako watu wengi wa bara waliofika Mombasa mara nyingi lakini hawakuiona hata siku moja. Hushuka katika basi au gari moshi, wakaketi juu ya mizigo yao kungojea safari nyingine, wakala mkate kwa soda, kisha wakaondoka. Warudipo kwao wakaulizwa habari za pwani, husema neno moja tu: "Kuna joto." Mimi nami nilikuwa miongoni mwao mpaka Januari iliyopita.

Aliyenibadilisha ni baba yangu. Tangu mwaka wa 1961 hata 1968 alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini, akibeba magunia kwa bega. Sasa ni mzee wa miaka 85, na ugonjwa wa macho umemnyima nuru. Aliposikia kwamba nakwenda Tanga kumtazama ndugu yangu, na ya kuwa nitangojea basi Mombasa kwa muda wa saa kadha wa kadha, aliniita akaniambia hivi: "Mwanangu, kando ya bahari, katika njia iendayo kwenye kivuko cha Likoni, palikuwa na mibuyu mikubwa. Siku za Jumapili tulikuwa tukipumzika chini yake. Hapo ndipo nilipokata shauri kuweka akiba, ninunue shamba hili unalolilima wewe leo. Nenda ukaniangalie kama ingali imesimama. Wala usiulize watu ukaniletea maneno yao. Nenda kwa miguu yako, ukaione kwa macho yako."

Hayo ndiyo maagizo niliyopewa, na mwana mwema hana budi kuyatimiza.

Mwanzo wa safari

Basi letu lilikuwa lifike Mombasa saa kumi na moja alfajiri. Likachelewa njiani nyuma ya msururu wa malori, likafika saa mbili za asubuhi. Basi la Tanga lilikuwa liondoke saa nane mchana, nami niliambiwa niwe nimerudi saa saba na nusu, la sivyo nafasi yangu itapewa mtu mwingine. Kwa hiyo katika zile saa nane na nusu nilizozitumaini, zikabaki tano na nusu. Nikaweka mzigo wangu ofisini, nikapewa cheti chake, nikanunua chupa ya maji, nikaondoka.

Nilianzia Mwembe Tayari. Karibu na hapo, katika Barabara ya Jomo Kenyatta, zimesimama sanamu za askari wa Kiafrika. Ziliwekwa kuwakumbuka askari na wapagazi waliopigana na kufa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maelfu ya vijana wa nchi yetu walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi katika vita ile, na wengi hawakurudi. Waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Watu walipita mbele ya sanamu zile wakikimbilia kazi zao. Nikasimama kidogo, nikavua kofia, nikaendelea.

Kiamsha kinywa nilikipata kwa mama mmoja aliyekuwa na meza yake kando ya njia: mahamri mawili, mbaazi za nazi, na kikombe cha chai. Mtu wa bara aliyezoea uji na viazi vitamu atashangaa jinsi mbaazi zinavyoweza kuwa tamu zikikutana na nazi.

Marikiti na mtaa wa leso

Kutoka hapo nilifuata Barabara ya Digo mpaka Marikiti, soko kuu la zamani la mji. Sisi wakulima twapaswa kulitazama soko kwa macho ya mkulima. Niliona embe, ndimu, nazi, pilipili na mafungu ya mchicha. Na mbele kidogo magunia ya bizari, iliki, mdalasini na karafuu, ambayo harufu yake humpokea mtu kabla hajayaona. Hamali walipita na mikokoteni yao wakipiga kelele watu wawapishe. Niliuliza bei ya viazi vya kwetu, nikaona kwamba baina ya shamba na meza ile bei imepanda ngazi nyingi, na katika kila ngazi yupo mtu aliyepata faida. Hilo nililiandika katika daftari yangu, kwa kuwa mimi ni karani wa chama cha ushirika, na wanachama wetu hawana budi kulisikia.

Karibu na soko upo mtaa wa Biashara, ambako huuzwa leso na vikoi. Watu wa Mombasa husema leso, sisi wa bara twasema kanga. Muuzaji hakuniuliza rangi niitakayo, bali aliniuliza, "Wataka jina gani?" maana leso hununuliwa kwa maneno yake. Kumbe vazi laweza kuwa barua! Nilimchagulia mke wangu moja yenye maneno ya shukrani, nikaikunja nikaitia mkobani.

Mji wa Kale

Ilipokaribia saa nne niliingia Mji wa Kale. Hapo njia huwa nyembamba, na nyumba ndefu huegemeana kana kwamba zanong'onezana. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Vibaraza vya mbao vimetokeza juu ya njia, navyo huleta kivuli. Na milango mingi imechongwa nakshi kwa mkono. Njia kubwa ya mtaa huu huitwa Ndia Kuu, kwa kuwa Kimvita, yaani lugha ya wenyeji wa Mombasa, husema "ndia" mahali tusemapo "njia." Mvita ndilo jina la kale la mji wenyewe.

Mji huu ni wa siku nyingi. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika hapa mwaka wa 1331, akaandika kwamba chakula cha watu kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba nafaka iliwafikia kutoka bara. Wareno wa Vasco da Gama walifika Aprili 1498. Wenyeji wenyewe walijigawanya katika mataifa kumi na mawili, Tisa Taifa na Thalatha Taifa, na majina hayo wazee hawajayasahau.

Nilipita mbele ya Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa yapata mwaka wa 1570, na mpaka leo watu husali ndani yake. Mnara wake ni mnene chini na mwembamba juu. Sikuingia, kwa kuwa mgeni haingii mahali pa ibada pasipo ruhusa.

Katika mtaa wa Kibokoni mzee mmoja aliketi barazani na dele lake la kahawa juu ya makaa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtu wa bara. Miguu yako ina haraka. Kaa kwanza." Akanimiminia kahawa tungu yenye tangawizi katika kikombe kidogo, akanipa na kipande cha kashata. Nilimweleza habari ya mibuyu. Alitaka kunijibu, nami nikamzuia, "La, mzee. Nimeagizwa nisiulize." Akacheka sana, akasema baba yangu ni mtu mwenye akili.

Lakini sikufurahia yote niliyoyaona. Ziko nyumba zilizopasuka kuta, na vibaraza vilivyooza mbao. Mahali pengine nyumba ya kale imekwisha bomolewa, na pale limesimama ghorofa la saruji lisilo na mlango wa kuchongwa wala baraza la kumkaribisha mgeni. Mwenye nyumba hana kosa akitaka mahali pakavu pa kulala. Kutengeneza ukuta wa matumbawe na kuchonga mbao mpya ni gharama kubwa. Hata hivyo, mji ukipoteza baraza zake hupoteza pia mazungumzo yake.

Bandari ya Kale na Ngome

Nyuma ya nyumba hizo iko Bandari ya Kale. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalifika hapa kwa upepo wa kaskazi, yakileta tende, mazulia na vyombo, yakarudi kwa upepo wa kusi na pembe za ndovu, boriti za mikoko na nafaka. Meli kubwa za chuma zilipokuja zilitaka maji marefu, ndipo kazi ilipohamia upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, na jina lenyewe latoka katika neno kilindi.

Nikafika Ngome ya Yesu saa tano na dakika kumi. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Mwaka wa 1631 Sultani Yusuf bin Hasan aliwaasi akaiteka. Wareno wakarudi, kisha Waarabu wa Omani wakaizingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu, na waliokuwamo wakafa kwa njaa na maradhi mpaka ikaanguka. Tangu mwaka wa 1895 Waingereza waliifanya gereza. Mwaka wa 1958 ikahesabiwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na baadaye ikawa makumbusho. Mwaka wa 2011 iliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Hapo nilikuwa katika njia panda. Kuitazama ngome vizuri kwataka saa moja na nusu. Nikiingia, sitaiona mibuyu. Nikienda kwenye mibuyu, sitaingia ngomeni. Moyo wangu ulitamani sana kuingia, maana tangu nilipokuwa mwanafunzi nimesoma habari zake. Lakini ngome imesimama miaka mia nne na zaidi, nayo itaningojea. Baba yangu hataningojea hivyo. Nikaugusa ukuta kwa kiganja, nikageuka.

Njia ya mibuyu

Nilipita Treasury Square, yenye miti mikubwa na majumba ya serikali ya zamani, nikashika njia ya kusini mpaka Barabara ya Nyerere. Katika barabara hiyo liko jengo la wafanyabiashara wa chai. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianzishwa Nairobi mwaka wa 1956, ukahamia Mombasa baadaye, na mpaka leo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine huuzwa kwa mnada huo. Mkulima wa chai aliye mlimani na adhani mazao yake yameishia kiwandani. Kumbe bei ya jasho lake huamuliwa katika mji huu wa joto asiolima mtu jani hata moja.

Jua lilikuwa kali, na shati limeniganda mgongoni. Ilipotimu saa sita kamili nikatokea baharini.

Ilikuwapo. Mibuyu ilikuwa imesimama kando ya maji, minene, ya kijivu, mizizi yake imeshika mwamba. Serikali ilikuwa imepatengeneza mahali pale mwaka wa 2019 kwa njia za miguu na viti, na Siku ya Mashujaa ya mwaka huo iliadhimishwa hapo hapo. Lakini miti iliachwa. Nikauchagua mmoja ulio mkubwa, nikauzunguka nikihesabu hatua, nikaketi chini yake. Meli iliyojaa makontena ilikuwa ikiingia Kilindini polepole. Makontena hayo sasa hunyanyuliwa na winchi. Zamani mzigo wa meli ulishuka kwa mabega ya watu kama baba. Nikafikiri juu ya kijana wa miaka ishirini na mitatu, Desemba 1963, nchi ikipata uhuru, naye ameketi hapa akihesabu shilingi zake. Shamba letu la ekari tatu lilizaliwa mahali hapa.

Mwanamke mmoja alikuwa akiuza ubuyu uliopikwa kwa sukari. Nikanunua vifuko viwili, nikaondoka kwa haraka. Nilirudi kwa Barabara ya Moi, nikapita chini ya zile pembe kubwa zilizowekwa kwanza mwaka wa 1952 kwa ajili ya ziara ya binti wa mfalme wa Uingereza, nikafika ofisi ya basi saa saba na dakika ishirini na tano, miguu ikiniuma lakini moyo mweupe.

Shauri kwa msafiri

Wasomaji, mkipata saa chache Mombasa msizipoteze juu ya mizigo. Wekeni mizigo mahali pa amani na mpewe cheti, vaeni viatu vyepesi na nguo za heshima, chukueni maji, amkieni watu kabla ya kuuliza njia, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Msitake kuona kila kitu. Chagueni jambo moja la kulifuata, na mengine mtayaona njiani.

Niliporudi nyumbani nilimweleza baba yote, kuanzia sanamu za askari hata pembe. Nikamwambia kwamba mbuyu ule niliuzunguka kwa hatua ishirini na mbili. Nikamtilia ubuyu kinywani. Akaumung'unya kitambo kirefu, kisha akasema, "Hatua zako ni fupi. Mimi nilikuwa nikiuzunguka kwa kumi na tisa."