Kena angeweza kuzaliwa Port Reitz

Katika filamu ya Rafiki yupo mama mmoja mwenye kibanda cha chakula, Mama Atim. Habari zote za mtaa hupitia kwake: nani kaachwa, nani ana mimba, binti wa fulani kaonekana wapi na nani. Filamu ilipigwa Nairobi, na mtaa wake unaitwa Slopes, lakini mtu wa Port Reitz, Mombasa, hahitaji kuchorewa ramani. Chaani tunamjua mama huyo. Magongo tunamjua pia.

Mkurugenzi Wanuri Kahiu aliitengeneza filamu hii kutokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, Jambula Tree, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena amemaliza shule, anasubiri matokeo ya mtihani, anacheza kandanda na wavulana na kumsaidia babake dukani. Ziki ni binti wa mwanasiasa anayegombea kiti cha wadi dhidi ya babake Kena huyo huyo. Wasichana hawa wanapendana, na mtaa unajua kabla wao wenyewe hawajajua la kufanya.

Wanaodhani hii ni filamu ya uchafu hawajaitazama. Muda mwingi unapita dukani, kanisani, uwanjani na mezani nyumbani. Kinachotisha ni jinsi mambo yanavyokwenda haraka. Jicho moja linaona, mdomo mmoja unasema, na punde umati umekwisha kusanyika. Wasichana wanapigwa na watu waliowaona wakikua. Wakifika kituo cha polisi, askari badala ya kuandika taarifa ya waliopigwa, wanawacheka. Kisha wazazi wanaingia. Mamake Kena anatafuta wa kulaumiwa. Babake anajua kwamba kura zimeshakwenda, lakini anasimama na mwanawe. Kwangu mimi hapo ndipo filamu inapobeba uzito wake wote, kwenye uso wa baba huyo.

Tarehe 27 Aprili 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilipiga Rafiki marufuku kwa madai kwamba inaeneza usagaji kinyume cha sheria. Mkurugenzi alieleza kuwa bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Siku chache baadaye, mwezi Mei, ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa na tamasha hilo. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany aliiruhusu kwa siku saba, na watu wakafurika ukumbi wa Prestige jijini Nairobi. Mwaka uliofuata Samantha Mugatsia, aliyeigiza Kena, alitangazwa mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO kule Ouagadougou. Aprili 2020 Mahakama Kuu ikakataa ombi la Kahiu la kuondoa marufuku. Yaliyoipata Rafiki yalikuwa yameshaipata filamu ya Stories of Our Lives mwaka 2014, na mwaka 2021 yakaikuta I Am Samuel, filamu ya Peter Murimi kuhusu kijana wa kijijini magharibi mwa Kenya ambaye babake ni mhubiri.

Huku Pwani mambo haya si ya sinema tu. Februari 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda na kulazimishwa kupimwa miili yao hospitalini Mombasa, eti kutafuta ushahidi wa walichofanya faraghani. Mahakama Kuu ya Mombasa iliona ni sawa. Machi 2018 Mahakama ya Rufani, ikiketi hapa hapa Mombasa, ilisema si halali kumpima mtu hivyo. Mwezi mmoja tu baadaye Rafiki ikafungiwa. Sheria yenyewe inayoharamisha mapenzi ya jinsia moja, vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, tuliachiwa na Mwingereza, na kifungo chake kinafika miaka 14. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta.

Najua wasomaji wengi, Waislamu kwa Wakristo, wanaliona jambo hili ni dhambi, na sikuja kumfundisha mtu dini yake. Lakini hakuna dini niijuayo hapa mtaani inayomruhusu mtu mzima kuokota jiwe na kumpiga mtoto wa mwenzake. Wapo pia wazazi wanaoamini mtoto wa namna hii ni mgonjwa wa akili. Hospitali yetu ya Port Reitz ina kitengo cha magonjwa ya akili, na wauguzi wake wana kazi ya kutosha na wagonjwa wa kweli. Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990.

Marufuku haikumwondoa mtoto yeyote mtaani. Ilichofanya ni kumnyima baba au mama nafasi ya kukaa na mwanawe sebuleni, wakatazama kisa cha watu wengine, wakapata pa kuanzia mazungumzo ambayo hakuna anayejua kuyaanza. Bila hayo, mtoto atasikia habari zake mwenyewe barabarani, kwa matusi.

Basi mzazi mwenzangu, mwanao akikujia na jambo hili usiku wa manane, msikilize mpaka amalize. Kasirika ukitaka, lia ukitaka, mwite imamu au mchungaji wako mkae mzungumze. Lakini usimfukuze nyumbani, na usimkabidhi kwa umati.