Uzito Katika Picha Zinazotembea

Mtu aliyewahi kumwona kiboko akipanda ukingo wa Ziwa Babati hahitaji mizani ili ajue kwamba mnyama huyo ni mzito. Wala hahitaji kumpima yangeyange arukaye kutoka mgongoni mwa ng'ombe ili ajue kuwa ni mwepesi. Mwendo wenyewe watoa ushahidi. Mchoraji wa katuni hana kiboko wala yangeyange. Ana mistari tu juu ya karatasi. Hata hivyo, akizifahamu kanuni za mwendo, aweza kuipa mistari hiyo uzito na uhai.

Sinema ni mfululizo wa picha zilizotulia. Kwa kawaida picha 24 hupita katika kila sekunde, na ubongo huziunganisha zikawa mwendo mmoja. Katika katuni aghalabu kila mchoro huonyeshwa mara mbili, hivyo michoro 12 yatosha kwa sekunde moja. Kazi kubwa ya mchoraji ni kuamua umbali kati ya mchoro mmoja na unaofuata.

Chukua mfano wa jiwe lililoachiwa lianguke. Katika robo sekunde ya kwanza huteremka takriban sentimita 30. Nusu sekunde ikitimia limekwisha teremka sentimita 120 hivi. Kwa hiyo michoro mitatu ya kwanza hugawana sentimita 30, na mitatu inayofuata hugawana 90. Michoro ikipangwa kwa nafasi sawa, jiwe litaonekana kana kwamba linashushwa kwa kamba, hata likichorwa kwa ustadi namna gani.

Kanuni nyingine nazo zina mizizi katika fizikia. Mtu hukunja magoti kabla ya kuruka, kwa kuwa miguu haina budi kuisukuma ardhi ndipo mwili uinuke. Mkimbiaji asimamapo ghafla, pindo la shuka lake huendelea mbele kidogo, maana kila kitu hushikilia mwendo kilio nao mpaka kizuiwe. Mkono huzunguka begani, kwa hiyo kiganja hupita katika tao. Mpira ugongapo ardhi hubonyea. Mchoraji hana budi kuutanua ubavuni, ama sivyo utaonekana umepungua.

Wachoraji wa Walt Disney nchini Marekani walizikuza kanuni hizo katika miaka ya 1930. Wawili kati yao, Frank Thomas na Ollie Johnston, walizieleza kitabuni mwaka 1981, zikiwa 12 kwa jumla.

Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2014 watoto wa Tanzania walianza kutazama Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam ili kufundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Katuni inapokuwa mwalimu, mwendo wake ni sehemu ya somo. Mchoraji aweza kutia chumvi: mpira ubonyee kama chapati, sungura aruke kupita paa. Lakini katika somo la mvutano wa dunia, jiwe linaloshuka kwa kasi ileile mpaka chini litayafundisha macho ya mtoto kosa ambalo baadaye mwalimu atalazimika kulifuta.

Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili darasani kwa daftari, rula na penseli. Katika pembe ya kurasa saba zinazofuatana, kila ukurasa uchorwe doa moja. La kwanza liwe juu. Yanayofuata yawe chini yake kwa milimita 1, 4, 9, 16, 25 na 36. Katika daftari la pili madoa yashuke kwa milimita 6 kila mara, mpaka 36. Madaftari yote mawili yakipeperushwa kwa kidole gumba, doa hufika mahali palepale. La kwanza huanguka. La pili huteleza tu.