Krismasi Kakamega: Wapeleke Watoto Msituni

Desemba ikiingia mabasi ya kwenda Magharibi hujaa pomoni, nauli hupanda na jogoo wa Kakamega huanza kuhesabu siku zao. Mnafika, mnaamkua jamaa, mnakula ingokho, na kufikia siku ya tatu watoto waliozaliwa mjini wanalalamika kwamba hakuna la kufanya. Kabla hujawapa simu ili wanyamaze, kumbuka kuna msitu hapo karibu.

Kutoka Kakamega mjini panda matatu hadi Shinyalu, kisha bodaboda hadi Isecheno. Msitu huu una ukubwa wa kilomita mraba 240 hivi, na wataalamu husema ni mabaki ya ule msitu mkubwa wa mvua uliotandaa kutoka Kongo. Umezungukwa na mashamba madogo yenye watu wengi, na wengi wao huutegemea kwa kuni, malisho na dawa. Ukimkataza mama asiokote kuni, utamwambia apikie nini?

Wenyeji waliokuwa wakiwatembeza wageni hapa waliliwaza swali hilo miaka ya 1990, wakaanzisha mpango wa KEEP wa kuwafunza watoto wa shule za jirani juu ya mazingira. Waliona kuwa askari wa misitu peke yao hawatoshi. Basi elewa pesa zako zinakwenda wapi: kiingilio ni cha serikali, lakini ujira wa mwelekezi mwenyeji hubaki kijijini. Baba anayejipenyeza peke yake na watoto wanne ili aokoe shilingi hana faida kwa yeyote, na huenda akapotea.

Tena muulize mwelekezi kuhusu Naturub, dawa ya kuchua kwa mafua na maumivu ya misuli. Kundi la wakulima la Muliru hupanda mmea wake mashambani badala ya kuuchuma msituni, na mwaka wa 2010 lilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kichupa kimoja ni zawadi nzuri kwa nyanya kuliko kitambaa kingine cha meza.

Ingieni asubuhi na mapema, kwani mchana wanyama hupumzika na mvua ya Kakamega haina adabu, hata Desemba. Mbega weusi kwa weupe mtawaona wakiruka juu ya miti. Vipepeo hamtawamaliza kuhesabu. Wenye miguu imara wapande kilima cha Lirhanda, ambako msitu wote huonekana chini yenu. Ubavuni mwa kilima kuna shimo lililoachwa na wachimbaji wa enzi ya dhahabu, iliyopamba moto hapa kuanzia mwaka wa 1931. Leo wenye shimo ni popo. Kijana wako wa gredi ya nane atajifanya haogopi. Mpe yeye tochi atangulie.

Vaeni viatu vilivyofunika kidole na soksi ndefu, maana siafu hawabagui mgeni. Beba makoti ya mvua, maji na mandazi, na makaratasi yote mrudi nayo. Bei ya mwelekezi ikubaliwe kabla ya kuanza safari, mbele ya mama watoto, ili jioni pasiwe na ubishi.