Mwezi wa Buluu na Maji ya Bamvua
Mei hii ya 2026 ina miezi mipevu miwili: Ijumaa tarehe 1 na Jumapili tarehe 31. Huo wa pili ndio uitwao mwezi wa buluu, ingawa rangi yake ni ileile ya siku zote. Kati ya mpevu mmoja na mwingine hupita siku 29 na nusu, hivyo Februari haiwezi kuwa na miwili. Utachomoza mashariki jua linapozama.

Wakazi wa kata za pwani wavute mitumbwi juu: bamvua hufuata siku moja au mbili baadaye, maji yakijaa alfajiri na alasiri, yakipwa mbali asubuhi. Wakulima wa mwani wameizoea saa hiyo. Mwezi mwingine wa buluu ni Desemba 31, 2028.