Ukienda mlimani kwa ndege, usitengane na viatu vyako

Je, msomaji, umewahi kusimama kando ya ule mkanda unaozungusha masanduku kwenye uwanja wa ndege, abiria wenzako wakachukua mizigo yao mmoja mmoja na kwenda zao, hadi mkanda ukasimama ungali mikono mitupu? Kwa mtu anayekwenda harusini au mkutanoni, hiyo ni adha ya siku moja au mbili. Atanunua shati, ataazima tai, na shughuli itaendelea. Lakini kwa mtu anayekwenda kupanda Mlima Kilimanjaro, ambaye kesho yake asubuhi anangojewa na kiongozi wa safari pamoja na wapagazi, sanduku lililopotea laweza kuiharibu safari nzima na kumwachia majeraha. Na katika vyote vilivyomo ndani ya sanduku hilo, kilicho kigumu zaidi kupatiwa badala ni viatu.

Wakazi wengi wa miji yetu siku hizi hupanda milima. Wapo wanaokwenda na wenzao wa kazini au wa chuoni hadi Point Lenana katika Mlima Kenya, yenye urefu wa mita 4,985, na wapo wanaovuka mpaka kwenda Kilimanjaro, wenye mita 5,895. Wengi hupitia Namanga kwa basi. Wengine hupanda ndege kutoka Nairobi au Mombasa, na jamaa zetu wanaoishi ng'ambo huja likizo wakiunganisha ndege mbili au tatu. Kila mahali ndege inapobadilishwa, sanduku hupata nafasi nyingine ya kubaki nyuma.

Kwa nini viatu?

Koti zito, kofia, glovu na hata mfuko wa kulalia vyote vyaweza kukodishwa Moshi au Nanyuki. Koti la mtu mwingine likikupwaya kidogo halikudhuru. Viatu pia hukodishwa, lakini kiatu cha mlimani hujikunja mahali ambapo mguu wa mwenyewe hukunjika, na bitana yake hubonyea palipo na mifupa yake. Ukivaa kiatu kilichozoea mguu wa mwingine, au kipya kisichozoea mguu wowote, utalipa kwa malengelenge.

Watu wengi hudhani lengelenge ni ngozi iliyosuguliwa kwa juu tu. Sivyo. Unapotembea, mfupa wa kisigino husogea mbele na nyuma ndani ya kiatu, ilhali ngozi ya juu imeshikwa na soksi. Tabaka za ngozi huvutwa huku na huko mara maelfu, mwishowe huachana, na nafasi iliyo katikati hujaa maji. Jasho huzidisha mambo, kwani ngozi yenye unyevu hunata zaidi kuliko ngozi kavu.

Lengelenge la mjini ni jambo dogo, maana utavaa ndara siku mbili lipone. Mlimani hakuna siku mbili za ndara. Safari ya Kilimanjaro huchukua siku tano hadi nane, na katika njia zilizo maarufu, usiku wa kuelekea kileleni mtu hupanda zaidi ya mita 1,100 katika baridi inayogandisha maji, kisha siku iyo hiyo huanza kuteremka. Anayechechemea huupa uzito mguu mmoja, naye huteguka kifundo kwa urahisi. Lengelenge likipasuka ndani ya soksi chafu, vijidudu hupata mlango. Kuteremka nako kuna balaa lake: vidole hugonga ncha ya kiatu kisichotosha, na kucha huvia damu na kuwa nyeusi.

Somo kutoka kwa watelezaji wa theluji

Jambo hili wenzetu wa nchi za baridi walilijua zamani. Wale wanaoteremka milima ya Alps kwa kuteleza juu ya theluji huvaa viatu vya plastiki ngumu, ambavyo jozi moja yaweza kufikia kilo nne au tano. Ndani yake mna bitana nene, ambayo mara nyingi hupashwa moto dukani na kufinyangwa ifuate umbo la mguu wa mnunuzi. Kwa hiyo wengi wao wako tayari kuzikabidhi mbao zao za kutelezea kwenye kaunta ya mizigo, lakini viatu huvining'iniza begani na kuingia navyo ndani ya ndege. Mbao zikichelewa, watakodi nyingine. Viatu vikichelewa, likizo imekwisha.

Sisi pia tumewahi kuwa na watu wetu huko. Philip Boit aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, mwaka 1998, na Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, aliteremka kwa jina la Kenya huko Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018. Viatu vya mbio ndefu alizoshiriki Boit ni vyepesi na hukunjika, tofauti na vile vya kuteremkia alivyovaa Simader, lakini kanuni ni moja kwa wote: mizigo mingine yaweza kutangulia au kufuata, viatu huenda na mwenyewe.

Kuvaa au kubeba?

Njia rahisi ni kuvivaa viatu vyako vya mlimani siku ya safari. Havitakuongezea uzito wa mzigo, wala hakuna wa kuvipoteza. Hata hivyo kuna mambo ya kuangalia.

Kwanza, miguu huvimba ndani ya ndege. Damu hurudishwa kutoka miguuni kwa msaada wa misuli ya muundi, ambayo huikamua mishipa kila tunapopiga hatua. Ukikaa kitako saa nyingi, misuli hiyo hulala, na maji hujikusanya vifundoni. Safari ya kutoka Nairobi hadi uwanja wa Kilimanjaro ni fupi na haina shida. Lakini anayetoka London hukaa angani zaidi ya saa nane kabla hajafika Nairobi, na kiatu kilichofungwa barabara humbana. Baada ya ndege kutulia angani, legeza kamba kabisa, au vivue viatu uvae soksi safi na slipa nyepesi. Vivae tena kabla ndege haijaanza kushuka, kwa sababu wakati wa kuruka na kutua ni vyema kila abiria awe na viatu miguuni iwapo kutatokea dharura.

Pili, usikae tu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba hatari ya damu kuganda katika mishipa ya ndani ya miguu huongezeka karibu maradufu baada ya safari ya zaidi ya saa nne ya kukaa bila kujinyoosha, iwe ni ya ndege, gari moshi au basi. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, lakini mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au aliyewahi kuugua maradhi hayo na amwone daktari kabla ya safari. Sisi wengine tuzungushe vifundo, tuinue visigino na vidole kwa zamu, na tutembee kidogo kila baada ya saa moja au mbili. Ikiwa mguu mmoja tu umevimba na unauma kwenye muundi, hata siku kadhaa baada ya safari, usingoje. Nenda hospitali.

Tatu, viatu vyenye vyuma mara nyingi huamsha kengele ya ukaguzi. Fika mapema, na ufunge kamba zako kwa namna ambayo utazifungua haraka.

Kama hutaki kuvivaa, vifunge pamoja kwa kamba zake na uviweke katika mkoba wa mkononi. Uliza kwanza kampuni ya ndege yako uzito na ukubwa unaoruhusiwa, kwani ndege ndogo huwa na masharti makali zaidi.

Kabla ya kufungasha

Vitoe viatu kabatini mwezi mmoja kabla ya safari, si usiku wa kuamkia safari. Soli za viatu vingi vya mlimani zina tabaka la povu la plastiki ambalo huoza polepole kwa unyevu wa hewa, hata kama viatu havivaliwi. Viatu vilivyokaa miaka mingi vyaweza kuonekana vizima kwa nje, kumbe soli yake itabanduka siku ya kwanza njiani. Vikunje kwa mikono, bonyeza kando za soli, na uvivae ukatembee navyo mitaani. Ukiona nyufa au unga unaomeguka, mpelekee fundi au ununue vingine mapema.

Wanaonunua mitumba Gikomba, Toi au Kongowea wafanye uchunguzi huo kwa makini zaidi, kwa maana hawajui viatu hivyo vimekaa miaka mingapi. Nunua alasiri, wakati miguu imekwisha kuvimba kidogo, ukiwa umevaa soksi utakazopandia. Ncha ya kiatu ibakize nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, na kisigino kisipande unapotembea. Kisha vizoeze kwa majuma kadhaa.

Ikiwa ni lazima viende na mizigo

Pengine huna budi kuviweka sandukuni. Vioshe na uvikaushe kwanza. Kiatu chenye unyevu kikifungiwa hukuza ukungu, na wenye ule mwasho wa katikati ya vidole watauamsha upya. Usivikaushe karibu na moto wala jiko, kwani ngozi hukakamaa na gundi huachia. Gazeti hili, ukishalisoma, lisokote ulijaze ndani ya viatu na kulibadilisha linapolowa. Tope nalo si uchafu tu. Nchi kama Australia na New Zealand hukagua viatu vya wasafiri, kwa kuhofia udongo unaobeba mbegu na magonjwa ya mimea.

Ndani ya kila kiatu tia soksi zako zilizokunjwa. Zitaokoa nafasi na kukizuia kisibonyezwe, hasa pale kwenye kisigino, ambapo kikipinda hakirudi sawasawa. Viatu vikae upande wa magurudumu ya sanduku, soli zikielekea nje, ili uzito wake usiviponde vitu vingine.

Hapa wengi hukosea: huvitia viatu katika mfuko wa plastiki. Kumbuka kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Agosti 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019, wageni wakiwemo. Tumia mfuko wa kitambaa, au hata foronya kuukuu, ambayo pia hupitisha hewa.

Mkobani mwako usikose jozi moja ya soksi za kutembelea, plasta, dawa zako zote na kadi ya manjano, kwa kuwa Tanzania huwadai wanaotoka Kenya cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Betri za akiba za simu na taa pia ziwe mkobani, si sandukuni. Kisu na makasi marefu viende na mizigo. Mtungi wa gesi wa kupikia hauruhusiwi popote ndani ya ndege.

Wenye kisukari

Ndugu zetu wenye kisukari wachukue tahadhari zaidi. Maradhi haya huweza kufisha hisia za miguu, hivi kwamba mtu hutembea na jiwe kiatuni au lengelenge lililopasuka bila kusikia maumivu. Kidonda kidogo cha namna hiyo kimewafikisha wengi kwenye kukatwa mguu. Mwenye kisukari amwone daktari kabla ya kupanga safari, asikodi viatu kamwe, na achunguze nyayo zake kila jioni kwa kioo au kwa msaada wa mwenzake. Insulini ikae mkobani, wala isiwekwe katika mizigo inayoweza kupatwa na baridi kali.

Sanduku likipotea

Usiondoke uwanjani kabla ya kuandikisha habari katika ofisi ya mizigo na kupewa nambari. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania zimejiunga nao, malalamiko ya mzigo ulioharibika huandikwa kabla ya siku 7 kupita tangu kuupokea, na ya mzigo uliochelewa kabla ya siku 21. Tunza risiti za vitu ulivyolazimika kununua.

Kama viatu vyako vilikuwa humo na huna budi kukodi, usichukue jozi ya kwanza unayopewa. Panda na ushuke ngazi ukiwa umevivaa kwa nusu saa. Mahali palipopata joto au kuwasha, pabandike plasta pale pale, usingoje lengelenge. Likishatokea, likiwa dogo liache na ulifunike. Likiwa kubwa na linauma, litobolewe ukingoni kwa sindano safi iliyochemshwa, maji yatolewe, na ngozi ya juu iachwe mahali pake iwe kifuniko. Mwenye kisukari asijitoboe. Na ahudumiwe na muuguzi.

Na iwapo kiatu kinakuumiza tangu siku ya kwanza, mwambie kiongozi wako mapema. Kurudi chini si aibu. Mlima utakuwapo mwaka ujao, na utaihitaji miguu yako miwili ikiwa mizima ili kuupanda.